Bloku ya dizeli ndogo: pima kwanza, slivu baadaye

Mashine ya kusaga ikianza kula oili, kutoa moshi wa bluu na kuhema kwenye breza (tundu la kupumulia la mashine), mwenye mashine hukimbilia dukani kununua slivu (bomba la chuma ambamo pistoni hutembea), pistoni na ringi. Seti inafungwa, mashine inawaka, foleni ya ndoo za mahindi inasogea. Miezi mitatu haijaisha, maji yako kwenye oili, au hedi gasketi imeungua, au pistoni imekamata. Lawama zote anabebeshwa muuza vipuri. Mara nyingi vipuri havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye bloku, mwili wa mashine unaoshika slivu, ambayo hakuna aliyeipima.

Mwongozo huu ni wa mashine ya silinda moja ya kulala, yenye tangi la maji juu ya bloku, zile za aina ya S195 zinazoendesha vinu na pampu za bustani ukanda wote wa Ziwa Victoria. S195 ina silinda ya mm 95 na mwendo wa pistoni wa mm 115. R175 na R180 ni wadogo zake, S1100 na S1110 ni wakubwa zake. Kazi ni ile ile, namba ndizo zinazobadilika. Vipimo tunavyotoa hapa ni vya kazini. Kitabu cha mashine yako kikisema tofauti, kifuate.

Jambo moja la lugha: silinda imelala, kwa hiyo kusema "juu ya slivu" kunachanganya. Tutasema upande wa hedi (kifuniko cha silinda) na upande wa krenki (shafti inayozungushwa na pistoni). Tukisema juu-chini, tunamaanisha wima, mashine ikiwa imekaa kwenye skidi (fremu) yake.

Kabla ya kushika spana

Iwashe kwanza. Angalia tangi la maji mashine ikiwa bado baridi: mapovu yanayopanda mfululizo maji yakiwa ya vuguvugu ni gesi inayopenya hedi gasketi, au ufa. Maji kuchemka si ugonjwa kwa mashine hizi, kwa sababu zinapozwa kwa kuchemsha maji. Ziwa liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo usishangae kipimajoto kikigoma kufika 100.

Chomoa kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kujua yanapita wapi, zima mashine ipoe, mwaga oili, fungua kava la nyuma la kirankikesi, pangusa ndani mpaka pakauke, kisha tandika karatasi kavu chini ya mdomo wa slivu upande wa krenki. Jaza tangi, ulale. Asubuhi tone likiwa limening'inia kwenye mzunguko wa slivu, ni raba za slivu au slivu imetoboka. Karatasi ikiwa kavu, geuzia macho kwenye hedi na gasketi yake. Jaribio hili halina gharama, na lifanye kabla hujafungua hedi, kwa sababu hedi ikishatoka, tangi halishiki maji tena.

Kufungua

Mwaga oili ingali ya moto ili itoke na uchafu wake. Toa tangi la dizeli, mabomba, nozeli, hedi, kisha pistoni na konrodi, fulaiwili, kava la gia, gia, kava kuu la krenki, na krenki mwisho. Kabla ya kuchomoa gia hata moja, ioshe na utafute alama za taimingi. Zikiwa zimefutika, piga zako kwa senta panchi. S195 ina shafti mbili za balansi, na fundi akizikosea meno, mashine itawaka vizuri tu lakini itatembea sakafuni kama inayotaka kuhama.

Kabla ya kuchomoa slivu, piga mstari mdogo wa tupa kwenye ukingo wake kuonyesha upande uliokuwa juu. Slivu hutoka kwa puli: bamba la chuma linaloegemea mdomo wake upande wa krenki, boriti fupi ya kuvuka uso wa bloku upande wa hedi, na bolti ndefu inayopita katikati. Kama huna puli, tumia gogo gumu na nyundo nzito, ukipiga kutoka upande wa krenki kwa kuzungusha. Usipige chuma kwa chuma. Mdomo wa slivu ukimeguka, kipande kinaweza kuikwaruza sehemu ya raba ndani ya bloku, na hapo umenunua tatizo jipya.

Isome slivu kuukuu kwa nje kabla ya kuitupa. Matundu madogo kama yaliyodonolewa na ndege ni kuliwa na maji. Moja likifika ndani, maji yanaingia kwenye oili hata raba zikiwa mpya. Gamba jeupe ni chokaa ya maji ya kisima. Maji ya ziwa ni mepesi, chokaa yake ni kidogo, lakini yakichotwa mwaloni (ufukweni) huja na mchanga, tope na mwani. Maji yanachemka na kuondoka, vyote hivyo vinabaki. Kwa kuwa silinda imelala, tope linatua chini ya slivu na kujaza ule uwazi wa kupitisha maji. Slivu inapoa juu, inaiva chini, inapinda na kuwa yai. Raba za upande huo zinakauka na kukatika kama biskuti. Ukikuta tope gumu hapo, umepata jibu la kwa nini seti iliyopita haikudumu.

Kuosha

Kwangua tope kwa bisibisi ndefu na brashi ya waya, hasa kwenye kona za chini zisizoonekana. Bloku ya kasti (chuma cha kusubu) unaweza kuichemsha kwenye kostiki soda, gramu 50 hadi 80 kwa lita ya maji, kwa saa moja hadi mbili. Vaa glavu na miwani. Mimina kostiki ndani ya maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki. Usitie kitu cha alumini humo, kitayeyuka. Suuza kwa maji mengi ya moto, na maji hayo machafu yasielekezwe ziwani.

Toa plagi za njia za oili. Wengi huziacha kwa sababu zimekaza, kisha wanashangaa bushi mpya (pete laini zinazobeba krenki) kuungua. Pitisha waya laini, dizeli, halafu upepo wa kompresa kila tundu mpaka uone unakotokea. Ukimaliza kukausha, paka oili mara moja, maana chuma kilichooshwa huanza kutu siku ile ile.

Kutafuta ufa

Huku hakuna barafu ya kupasua bloku. Inayopasua ni ndoo ya maji baridi ikimwagwa kwenye tangi lililokauka mashine ikiwa ya moto. Tafuta ufa karibu na matundu ya studi za hedi, kwenye uzio kati ya kikalio cha slivu na njia za maji, chini ya tangi, na kwenye ukuta unaobeba bushi za krenki.

Njia rahisi ni chaki. Paka mafuta ya taa eneo lote, acha nusu saa, pangusa mpaka pakauke kabisa, kisha sugua chaki nyeupe au paka chokaa iliyolainishwa kwa spiriti. Gonga taratibu kwa nyundo ya mbao. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa hurudi nje na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Tazama kwenye jua la pembeni; jua la utosini huficha.

Ufa wa ukuta wa nje wa maji unatibika. Toboa tundu la mm 3 kila mwisho wa ufa ili usiendelee, chimba mfereji wa V, kisha chomea kwa vijiti vya nikeli vya kasti: vipande vifupi vya mm 25, ukigongagonga kila kipande kingali cha moto na kusubiri mpaka mkono uvumilie kabla ya kuweka kingine. Ukimaliza, fukia kwenye majivu ipoe polepole. Kijiti cha kawaida cha chuma laini kitashika leo na kupasuka pembeni ya mchomeleo kesho. Gundi ya chuma inafaa kwenye tangi tu, pasipo na presha wala moto mkali. Sikio la kufungia skidi likivunjika, chomea bila wasiwasi. Ufa uliofika kikalio cha slivu au ukuta wa bushi za krenki, usipoteze hela: tafuta bloku nyingine.

Uso wa bloku na kikalio cha slivu

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo tulia.

Kwangua mabaki ya gasketi kwa shaba au mbao ngumu. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso, kwa urefu, kwa upana na kwa pembe zote mbili, ukijaribu kupitisha fila geji (visu vyembamba vya kupimia uwazi) chini yake. Uwazi wa mm 0.05 hauna neno. Ukifika mm 0.10 uso unahitaji kusawazishwa. Hapo katikati unaweza kusugua kwa msasa namba 120 uliogandishwa kwenye kioo kinene, ukipaka wino kuona sehemu zilizoinuka. Zaidi ya hapo peleka kwa wachongaji. Angalia pia midomo ya matundu ya studi: kukaza kupita kiasi huvuta chuma kikainuka kama kichuguu kidogo kuzunguka tundu, na hedi inakaa juu ya vichuguu hivyo badala ya kukaa juu ya slivu. Vikate kwa ncha ya drili kubwa, kina cha mm 1 tu.

Sasa kikalio, ule mduara ndani ya bloku ambao ukingo wa slivu hukalia. Lazima kiwe safi mpaka king'ae. Chembe ya kutu ya unene wa karatasi ikibaki upande mmoja, slivu inakaa mshazari. Hedi ikikazwa, ukingo unabeba mzigo upande mmoja na kupasuka. Ukiona slivu mpya imekatika mduara chini ya ukingo ndani ya wiki, usimlaumu aliyeisubu.

Ingiza slivu mpya bila raba. Inapaswa kushuka kwa mkono na kuzunguka. Ikigoma, tafuta kutu, usiipige. Ikishakaa, pima inavyochomoza juu ya uso wa bloku, sehemu nne: rula juu ya ukingo, fila geji kati ya rula na bloku. Mashine nyingi za ukubwa huu zinataka mm 0.05 hadi 0.15, na sehemu nne zisipishane zaidi ya mm 0.03. Slivu ikizama sawa na bloku au chini yake, gasketi haitabanwa na gesi itapita. Ikichomoza mno, hedi itaulemea ukingo mpaka uvunjike.

Iliyozama kidogo huinuliwa kwa pete ya karatasi ya shaba yenye unene unaohitajika, kipande kimoja kisichoungwa. Kikalio kilicholiwa na kuwa na mashimo hakitibiki kwa shaba. Kichongwe sawa, kisha pete ya chuma irudishe kimo. Na kumbuka hili kabla hujamwambia mchongaji "nipigie uso": akikata mm 0.2 kwenye uso, kikalio nacho kishushwe mm 0.2 ile ile, la sivyo slivu itachomoza zaidi kwa kiasi hicho.

Kupima silinda

Venia ni ya kununulia bolti. Silinda hupimwa kwa geji ya ndani yenye saa, au mikromita ya ndani. Pima sehemu tatu: ringi ya kwanza inapoishia upande wa hedi, katikati, na karibu na mdomo wa krenki. Kila sehemu mara mbili: juu-chini, halafu kushoto-kulia. Konrodi husukuma pistoni juu-chini, na uzito wake unalala chini, kwa hiyo ulaji mkubwa utauona huko.

Chukua mfano wa S195 iliyosoma hivi: upande wa hedi 95.31 juu-chini na 95.24 kushoto-kulia; katikati 95.15 na 95.12, upande wa krenki 95.06 na 95.05. Uyai wake ni 95.31 kutoa 95.24, yaani mm 0.07. Upanukaji kuelekea hedi ni 95.31 kutoa 95.06, yaani mm 0.25. Slivu hiyo imekwisha, hata kama kwa macho inang'aa. Ulaji ukiwa chini ya mm 0.15 na uyai chini ya mm 0.05, piga honi (sugua ndani ya slivu kwa jiwe la honi), weka ringi mpya, igeuze slivu robo mzunguko ili upande uliokuwa ukisukumwa upumzike, uendelee na kazi. Ukiwa kati ya hapo, amua kwa kuangalia umbali wa duka: mwenye mashine kisiwani Ukara anayetegemea boti kupata kipuri abadilishe tu.

Huna geji? Ringi mpya itakusaidia. Isukume ndani kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pale ilipoliwa zaidi upande wa hedi, upime pengo la ncha zake kwa fila geji. Isukume tena mpaka karibu na mdomo wa krenki, ringi zisipofika, upime. Tofauti igawe kwa 3.14. Pengo la 1.15 kule na 0.40 huku linatofautiana kwa 0.75, gawa, unapata mm 0.24 za ulaji. Uyai haitauonyesha, lakini kwa uamuzi wa kununua au kutonunua inatosha.

Slivu mpya nayo ipime, na pistoni yake ipime kwenye sketi (mwisho wake wa upande wa krenki), kwa nyuzi 90 kutoka kwenye pini. Kwa pistoni ya alumini ya mm 95 tarajia nafasi ya karibu mm 0.15 hadi 0.20. Ikiwa chini ya 0.10, pistoni itakamata ikipata moto. Pengo la ringi ndani ya slivu mpya liwe mm 0.3 hadi 0.4, likiwa dogo, ipunguze ncha kwa tupa laini, ukisugua kutoka nje kuelekea ndani.

Mashine zisizo na slivu ya kutoa hutanuliwa kwa ukubwa wa pistoni zinazopatikana: 0.25, 0.50, 0.75 na mm 1.00. Nunua pistoni kwanza, mchongaji aifuate pistoni iliyo mkononi, si namba iliyo kwenye boksi. Baada ya honi, mistari ikatane kwa pembe ya nyuzi 45 hadi 60, kwa jiwe la namba 180 hadi 220. Osha kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi. Petroli huondoa oili na kuacha unga wa jiwe ndani ya mistari. Pangusa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka cha kijivu, rudia.

Bushi za krenki

Nafasi kati ya bushi na jono la krenki (sehemu yake inayozunguka ndani ya bushi) ni karibu elfu moja ya kipenyo: jono la mm 70 linataka mm 0.07 hadi 0.10. Ikifika 0.20, badilisha. Bushi mpya ikiingizwa kwa presi hubana kidogo, kwa hiyo pima baada ya kuingiza, kisha irimwe (itanuliwe kwa rima) ifuate krenki yako. Tundu la oili la bushi likutane na tundu la bloku. Pitisha waya kuhakikisha, kwa sababu likikosea kwa nusu tundu tu, bushi itaungua.

Kama bushi kuukuu ilizunguka ndani ya bloku, nyumba yake imetanuka. Dawa ya mtaani ni kupiga vidoti vya senta panchi au kuzungushia kipande cha kopo la soda. Zote zinashika kwa wiki kadhaa. Nyumba itanuliwe na kuwekewa pete, kwa kufuatanisha na kava kuu la krenki likiwa limefungwa. Ndiyo maana anayetoka visiwani, Nansio au Kome, kuja kuchonga mjini abebe vyote kwa safari moja: bloku, kava, krenki, bushi, slivu na pistoni. Bloku peke yake itamlazimu mchongaji kubahatisha.

Kufunga

Raba za slivu zipakwe maji ya sabuni, si grisi. Raba nyingi za bei nafuu huvimba zikikutana na mafuta. Zikae mferejini bila kujisokota, wala usiongeze silikoni. Sukuma slivu kwa mkono na ubao, kisha pima tena upande wa krenki. Silinda ikiwa imebanwa kwa zaidi ya mm 0.03, raba ni nene, na pistoni itakwaruza pale pale. Funga hedi kwa gasketi kuukuu, jaza maji, acha usiku kucha kabla krenki haijaingia. Ni heri kufungua hedi mara mbili kuliko kuitoa krenki mara mbili.

Mchezo wa krenki mbele na nyuma hurekebishwa kwa gasketi za karatasi chini ya kava kuu: lenga mm 0.15 hadi 0.30. Hedi ikazwe kwa toki renchi, awamu tatu, kwa mshazari.

Baada ya kuwaka, hakikisha alama nyekundu ya oili imepanda. Saa ya kwanza izunguke mwendo mdogo bila mkanda, kisha robo mzigo, kisha nusu. Usiiache siku nzima bila mzigo, ringi hazitakaa. Ikipoa baada ya moto wa kwanza, kaza hedi tena na urekebishe valvu. Maji ya tangi chuja kwa kitambaa. Oili ya kwanza imwage baada ya saa 25, ikiwa ya moto, kupitia kitambaa cheupe. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Ukiona vipande vinavyong'aa kama magamba ya dagaa, hiyo ni bushi: fungua kava la krenki kabla ya kuwasha tena.